Kipima vumbi cha bei nafuu: kabla ya kukiamini, kihakiki kwanza

Kifaa cha kupima vumbi hewani, ambacho zamani kilikuwa mali ya maabara na makampuni makubwa, sasa kinapatikana kwa bei isiyofika dola 40 za Marekani. Ndugu aliyeko Muscat, London au Minneapolis anaweza kukiagiza leo kwa mtandao na kumpelekea kaka yake mwenye mashine ya kusaga Morogoro, au mjomba wake mwenye karakana ya kukata mawe Mombasa. Kikiwashwa, namba zinaanza kucheza kwenye kioo na kila aliyepo anasogea kuangalia.

Swali ambalo wachache wanauliza ni hili: je, namba hiyo ni ya kweli?

Kwenye sehemu za kazi zenye vumbi jingi, jibu mara nyingi ni hapana, na tofauti si ya asilimia chache bali inaweza kuwa ya mara kadhaa. Si kwamba kifaa ni kibovu. Ni kwamba kimetoka kiwandani kikiwa kimefundishwa kuona hewa ya aina moja, kisha kinapelekwa kwenye hewa ya aina nyingine kabisa.

Mkulima wa pamba au wa korosho anaijua habari hii bila kusoma fizikia. Mizani ya kununulia mazao lazima ihakikiwe kwa mawe ya uzito unaojulikana, na Tanzania ipo Wakala wa Vipimo kwa kazi hiyo. Mizani isiyohakikiwa inaonyesha namba kama kawaida, lakini namba hiyo siyo kilo. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lina neno lake kwa kazi ya kulinganisha kifaa na kipimo cha kuaminika: ugezi. Kipima vumbi nacho kinahitaji ugezi wake, na "jiwe" lake la mizani ni vumbi lenyewe la mahali pa kazi.

KIVULI CHA GUNIA

Ndani ya kifaa mna feni ndogo, mwanga wa leza na jicho la kielektroniki. Feni inavuta hewa, leza inaimulika, na kila chembe ya vumbi inayopita inatawanya mwanga kidogo. Jicho linapokea mimweko hiyo, na kompyuta ndogo ya ndani inakadiria uzito wa vumbi lililomo katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Neno la kushika hapo ni "inakadiria". Hakuna kinachopimwa uzito humo ndani.

Ni sawa na mtu anayetaka kujua uzito wa gunia kwa kuangalia kivuli chake ukutani. Gunia la pamba na gunia la mchanga yana kivuli kinacholingana. Anayekadiria lazima aambiwe kwanza ndani mna nini.

Ukubwa wa chembe nao unaharibu hesabu. Chembe yenye upana wa maikromita 10 ina uzito mara 1,000 ya chembe ya maikromita 1 ya jiwe lile lile, lakini mwanga inaoutawanya ni kama mara 100 tu. Kwa hiyo kadiri chembe zinavyokuwa kubwa, ndivyo mwanga unavyopungua kwa kila gramu ya vumbi. Tena chembe kubwa ni nzito na hazikati kona: nyingi zinagonga kuta za mlango wa kifaa na haziifikii leza kabisa.

Moshi ni chembe ndogo sana. Vumbi la mawe, saruji, nafaka na mbao lina chembe kubwa nyingi. Ndiyo maana kifaa kinachoona moshi vizuri kinaweza kuwa nusu kipofu mbele ya karasha la kusaga mawe.

Kuna na suala la ukomo. Kihisi aina ya Plantower PMS5003, kinachotumika ndani ya vifaa vingi vya bei nafuu, kwa maelezo ya kiwanda chake kinafanya kazi sawasawa kati ya maikrogramu 0 na 500 kwa mita ya ujazo. Sensirion SPS30 inafika 1,000. Lakini viwango vya kazini huandikwa kwa miligramu, na miligramu 1 ni maikrogramu 1,000. Marekani kikomo cha jumla cha vumbi laini linalofika ndani ya mapafu, kwa wastani wa saa 8 za kazi, ni miligramu 5, yaani maikrogramu 5,000. Uingereza hutumia miligramu 4. Maana yake ni kwamba kifaa kinaweza kuishiwa uwezo kabla hewa haijakaribia kikomo chenyewe.

MOSHI SI VUMBI

Mfano mzuri unatoka Marekani. Huko maelfu ya watu wamefunga vifaa vya PurpleAir nje ya nyumba zao, na ndani yake mna vihisi vya Plantower. Mwaka 2020, moto wa misitu ulipokuwa ukifunika majimbo ya magharibi kwa moshi, Shirika la Hifadhi ya Mazingira la nchi hiyo lilianza kutumia namba hizo kwenye ramani yake ya moto na moshi. Lakini halikuzitumia zilivyo. Vifaa viliwekwa kwanza kando ya mashine rasmi, na ikaonekana vinatia chumvi. Ikatungwa hesabu ya kuvirekebisha: namba ya kifaa inazidishwa kwa 0.524, inapunguzwa kidogo kufuatana na unyevunyevu, kisha inaongezwa 5.75. Kwa maneno mengine, inakatwa karibu nusu.

Kwa moshi hesabu hiyo imefanya kazi nzuri. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliijaribu kwenye vumbi linalopeperushwa na upepo, na huko namba zilitoka chini ya ukweli mara 5 hadi 6. Kifaa ni kile kile na hesabu ni ile ile. Kilichobadilika ni kilichomo hewani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa walikwishaonyesha jambo kama hilo maabara. Mwaka 2016 walichapisha majaribio ya vipima vumbi vya bei nafuu kwa chumvi, vumbi la Arizona linalotumika kwa majaribio, moshi wa kuchomelea vyuma na moshi wa dizeli, wakifika hadi maikrogramu 6,500. Uhusiano kati ya namba ya kifaa na uzito halisi ulibadilika kufuatana na aina ya vumbi. Kwa hiyo anayechukua hesabu ya kurekebisha kutoka intaneti na kuitia kwenye kifaa cha karakana yake anaweza kuwa anaongeza kosa badala ya kuliondoa.

Afrika Mashariki wapo wanaoifanya kazi hii kwa utaratibu. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, ulioanza mwaka 2015, unatengeneza vifaa vyake na kuvilinganisha na mashine rasmi palepale Kampala, badala ya kuazima hesabu ya mji mwingine. Lakini hata hesabu ya Kampala ni ya hewa ya barabarani. Haimfai mtu anayekata mawe ndani ya banda.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Mwenye kudhani tunazungumzia hitilafu ndogo za kitaalamu na aangalie machimbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu wachimbaji wadogo wa Mererani, kwenye tanzanite, ulipima vumbi wanalovuta wanapochoronga miamba, kulipua na kuzoa mawe. Silika, ile sehemu ya jiwe inayoua mapafu, ilizidi miligramu 2 kwa mita ya ujazo. Utafiti mwingine wa mwaka 2015 kwenye migodi midogo ya dhahabu Tanzania ulikuta wastani wa miligramu 16.85 za silika kwa uchorongaji wa chini ya ardhi. Kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ni miligramu 0.05. Gawanya mwenyewe: ni mara 337.

Silika huleta silikosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu usio na dawa ya kuuponya, na humweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Hauji siku moja. Kijana anavuta vumbi leo, na pumzi inakuja kumwishia miaka mingi baadaye, aghalabu akiwa amekwisharudi kijijini ambako hakuna anayekumbuka alifanya kazi wapi.

Hatari hii haiko nyumbani tu. Wenzetu walioko ughaibuni wanakata vigae na zege kwenye ujenzi wa Ghuba, na wengine wanasaga mawe ya kutengenezea meza za jikoni Ulaya na Marekani. Baadhi ya mawe hayo ya kiwandani yana silika zaidi ya asilimia 90. Australia iliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024 baada ya vijana wengi kuugua.

NAMNA YA KUHAKIKI

Kipimo cha kuaminika cha vumbi la kazini ni cha kizamani na hakina ujanja: pampu na kichujio. Mfanyakazi anavaa pampu ndogo kiunoni, na mpira wake unapanda hadi kwenye ukosi wa shati, karibu na pua na mdomo. Hewa inapita kwanza kwenye kifaa kinachoitwa saikloni, kinachoangusha chembe kubwa na kuacha zile laini zinazofika ndani ya mapafu. Chembe hizo zinanaswa na kichujio kilichopimwa uzito maabara kabla ya kazi, na kinachopimwa tena baada ya kazi. Tofauti ya uzito ndiyo vumbi.

Pampu na vichujio si mambo mageni kwetu. Watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, wamepima hivyo vumbi la viwanda vya kahawa Tanzania. Kipimo hiki ni ghali na jibu lake huchukua siku, lakini mwenye karakana hahitaji kununua pampu wala mizani ya maabara. Anachohitaji ni mtaalamu aje nazo kwa siku chache, na siku hizo zitumike vizuri.

Kwanza, kipima vumbi cha bei nafuu kiwekwe kando ya mdomo wa saikloni, kwa urefu ule ule, ili vyote viwili vivute hewa moja. Kukiweka juu ya kabati na pampu ikiwa kiunoni mwa fundi ni kulinganisha vyumba viwili tofauti.

Pili, vifanye kazi pamoja zamu nzima, si dakika 10, na kwa siku zisizopungua 5. Ziwepo siku za kazi nyingi na za kazi chache, maana hesabu iliyotoka siku ya vumbi dogo haijui lolote kuhusu siku ya vumbi kubwa.

Tatu, kazi iwe ile ya kila siku, na jiwe, nafaka au mbao ziwe zile za kila siku.

Nne, wekeni daftari: saa ya kuanza na kumaliza, kazi iliyofanyika, kama milango ilikuwa wazi, kama maji yalitumika. Mali bila daftari huisha bila habari, na vipimo ni vivyo hivyo.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano wa kubuni wa karakana ya mawe. Pampu inavuta lita 2.2 kwa dakika. Kwa dakika 480 za kazi ni lita 1,056, sawa na mita za ujazo 1.056. Kichujio kimeongezeka uzito wa miligramu 1.32. Gawanya 1.32 kwa 1.056, unapata miligramu 1.25 kwa kila mita ya ujazo. Saa hizo hizo, wastani wa kipima vumbi ulikuwa maikrogramu 310, yaani miligramu 0.31. Ukweli ni kama mara 4 ya namba ya kioo.

Tuseme siku nyingine nne zilitoa mara 3.9, 4.0, 4.1 na 4.0. Hapo tuna hesabu ya kutegemea: namba ya kifaa hiki, kwenye karakana hii, izidishwe kwa 4. Lakini kama siku tano zimetoa mara 2, mara 7, mara 3, mara 5 na mara 9, usichukue wastani ukaridhika. Namba zinasema kuna kitu kinabadilika, pengine aina ya jiwe au mahali kifaa kilipowekwa, na lazima kijulikane kwanza. Siku moja ya vipimo nayo isiingizwe kwenye hesabu. Itumike baadaye kuijaribu kama inasema kweli.

Sasa angalia mtego uliopo katika mfano huu. Mwenye karakana anayesoma 0.31 anaweza kuwaambia mafundi wake kwamba wako chini ya kikomo cha miligramu 5 kwa mara 16. Baada ya uhakiki inakuwa 1.25, bado chini ya kikomo, na anaweza kuona mambo ni shwari. Kisha maabara inachunguza kichujio na kusema asilimia 10 ya vumbi lile ni silika. Asilimia 10 ya 1.25 ni 0.125. Kikomo cha silika Marekani ni 0.05 na Uingereza ni 0.1. Karakana iliyoonekana salama imevuka vikomo vyote viwili.

Hakuna kipima vumbi cha leza, cha dola 40 wala cha dola 4,000, kinachoweza kuona jambo hilo. Leza haijui silika na unga wa mahindi. Kichujio kinachopelekwa maabara ndicho kinachojua.

Tahadhari pia na rangi za kioo, kijani, njano na nyekundu. Rangi hizo kwa kawaida zimetungwa kwa ajili ya hewa ya nje inayovutwa na kila mtu mchana na usiku, pamoja na watoto na wagonjwa. Hazikutungwa kwa zamu ya fundi.

MAJI, UNYEVU NA UCHAKAVU

Dawa kubwa ya vumbi la mawe ni maji: kukata jiwe huku likimwagiwa maji hupunguza vumbi sana. Lakini matone madogo ya maji yanayoelea nayo yanatawanya mwanga, na kifaa kinayahesabu kama vumbi. Fundi anaweza kufungua maji, akaona namba inapanda, akayafunga. Hiyo ndiyo hasara ya kuamini kioo bila kuelewa kinaona nini. Ushindani kati ya kukata kwa maji na kukata kikavu uamuliwe na kichujio.

Unyevunyevu wa pwani ni ndugu wa tatizo hilo. Tanga, Unguja au Muscat, hewa inapokuwa na unyevu wa juu, chembe kama za chumvi hunywa maji na kuvimba, na namba hupanda bila vumbi kuongezeka. Hesabu ya kiangazi ijaribiwe tena msimu wa mvua.

Halafu kuna uchakavu. Kifaa kinachovuta vumbi kutwa nzima kinaziba: lenzi inapata ukungu, feni inapungua kasi. Kihisi aina ya SDS011 kimeandikiwa umri wa saa 8,000, chini ya mwaka mmoja kikiwaka mfululizo. Kwa hiyo mara moja kwa wiki kiwekwe kwenye hewa safi iliyochujwa, na kikaribie sifuri. Viwili vikikaa pamoja na kimoja kikaanza kutofautiana na mwenzake, kuna kilichochoka. Na uhakiki wa pampu urudiwe kila kazi, mashine au malighafi inapobadilika.

KAZI YAKE HALALI

Baada ya yote haya msomaji anaweza kuuliza: basi kina faida gani? Kina faida kubwa, kikipewa kazi inayokifaa. Pampu na kichujio hutoa namba moja kwa siku nzima. Hakikwambii ni saa ngapi vumbi lilifumka. Kipima vumbi kinakwambia dakika kwa dakika. Kinaonyesha kwamba vumbi la mashine ya kusaga linaruka zaidi wakati wa kukung'uta magunia kuliko wakati wa kusaga, au kwamba feni mpya ya ukutani inahamisha vumbi kutoka kwa fundi mmoja kwenda kwa mwenzake. Kwa maswali ya "wapi" na "saa ngapi" kinasaidia mapema. Kwa swali la "kiasi gani" kinahitaji kuhakikiwa. Kwa swali la "vumbi la nini" hakina jibu.

Uchorongaji wa chini ya ardhi kama ule wa utafiti wa 2015 hauhitaji kifaa hiki kabisa. Miligramu 16.85 ni maikrogramu 16,850, zaidi ya mara 30 ya mahali kihisi kinapofanya kazi sawasawa. Huko fedha ziende kwenye maji ya kuchorongea, kwenye kupitisha hewa na kwenye barakoa zinazofaa, bila kusubiri namba.

Kwa mfanyakazi, namba ya kifaa ni sababu ya kudai kipimo kamili. Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inasimamiwa na wakala wa OSHA. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007 na kurugenzi yake, DOSHS. Uingereza ni HSE. Marekani, kanuni ya silika ya mwaka 2016 inamtaka mwajiri aliyepima awajulishe wafanyakazi matokeo yao: ndani ya siku 5 za kazi kwenye ujenzi, na siku 15 kwenye viwanda. Anayefanya kazi huko ana haki ya kuyaomba.

Na kwa ndugu aliyeko nje anayetaka kutuma kifaa nyumbani: atume, ni zawadi nzuri. Lakini katika kifurushi hicho hicho aweke na fedha za kumleta mtaalamu mwenye pampu kwa wiki moja. Bila wiki hiyo, atakuwa amempelekea kaka yake mizani isiyo na mawe.